Robo Saa Baada ya Wafu

Nilipomwambia mkurugenzi wa redio kwamba nataka kuwa mwandishi wa habari za nishati, aliniuliza kama ninaumwa. Hakuuliza kwa ubaya. Bunia ya miaka ile ilikuwa na amani ya mashaka, amani ya kulala viatu vikiwa karibu na kitanda, na kila mwandishi kijana alitaka kufuata habari za silaha, mikutano ya usalama na wageni wa magari meupe. Mimi nilitaka makala, ndivyo tunavyoyaita makaa ya kupikia. Nilitaka kuni, petroli ya madumu, umeme unaokuja na kuondoka bila kuaga, na paneli za jua zinazouzwa sokoni na watu wasiojua zinafungwaje. Nilimweleza kwamba hakuna nyumba katika mji huu inayopitisha siku bila kuwasha kitu. Akasema sawa, lakini nani atawasha redio asikilize habari za jiko lake mwenyewe?

Hata hivyo alinipa robo saa. Mara moja kwa juma, jioni, mara tu baada ya matangazo ya vifo. Mimi niliona ni zawadi kubwa, kwa sababu Bunia nzima husikiliza matangazo ya vifo. Watu wametawanyika. Wa Djugu wamejaa mjini katika vyumba vya kupanga, siye wa Butembo tulikuja kufanya biashara tukabaki, wengine wako Aru mpakani, wengine Kilo kwenye dhahabu. Redio ndiyo inayokuambia ni nani wako hayupo tena na matanga yake yako wapi. Saa hiyo ikifika, hata wauzaji sokoni hushusha sauti. Nikajisemea kwamba nikikaa nyuma ya wafu, mji wote utanisikia. Jamani, nilikuwa mjinga wa kusoma.

Kazi yenyewe ilikuwa ya miguu. Wenzangu walipitiwa asubuhi na gari la waliowaalika mikutanoni, wakarudi jioni na kofia mpya na soda tumboni. Mimi nilikwenda peke yangu kwenye maegesho ya malori yatokayo Aru, nikauliza kwa nini petroli imepanda, na madereva wakadhani mimi ni mtu wa kodi aliyevaa kiraia. Nilikwenda kwenye vibanda vya kuchajia simu. Nilikwenda kwenye depo za makala, nikarudi na vumbi jeusi hadi kwenye kope. Ofisini waliniita Mama Makala, na waliposogeza viti kuzungumza habari kubwa za siku, kiti changu kilibaki dirishani. Nilikuwa mpweke, nalisema wazi. Sikuwa na mtu hata mmoja wa kubishana naye juu ya kazi yangu, na mwandishi asiyebishana na mtu huanza kusikia sauti yake tu.

Aliyenikaribisha alikuwa mwanamke mmoja muuza makala wa mtaa wa Lumumba, kijana kuliko mimi kidogo. Alitoka Djugu pamoja na dada yake mkubwa baada ya kijiji chao kuchomwa, na wote wawili walipanga chumba kimoja cha matofali nyuma ya depo. Alinipa gunia nikalie na akaruhusu nimrekodi, ila kila mara alinicheka kwanza. Aliniambia kwamba kwao mtu aliyesoma hadi chuo huwa anakwenda kuuliza mambo ya serikali, haendi kumuuliza mwanamke gunia lake limejaa vipi. Nilimpenda kwa masihara yale. Kuna siku nilipita depo bila swali lolote, nikajifanya ninalo.

Wakati wa mvua za kwanza nilitengeneza kipindi na muuguzi mmoja wa hospitali. Bunia iko juu, usiku wa mvua una baridi ya kweli, na watu huingiza mbabula ndani, lile jiko dogo la bati lenye makaa, wakalala nayo karibu na kitanda. Muuguzi alieleza kwamba makaa yanapowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu hufa usingizini bila hata kukohoa. Nikaenda moja kwa moja depo kumweleza rafiki yangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akatabasamu kwa huruma.

“Makala ikiisha kuwaka nyekundu, haina tena moshi,” akasema. “Na kama haina moshi, haina ubaya. Siye tulilala nayo tangu utoto.”

Na ni kweli walilala nayo. Lakini kule kijijini walilala katika nyumba ya nyasi, ambamo hewa huingia na kutoka kwenye paa na kuta bila kumwomba mtu ruhusa. Hapa mjini walikuwa chini ya mabati, kati ya kuta za matofali, na dirisha lao, kama madirisha ya nusu ya mtaa, lilikuwa limepigiwa mbao tangu miaka ya risasi. Hakuna aliyethubutu kuzing'oa zile mbao. Walisema amani ipo, ndiyo, lakini mbao hazili chakula, acha zikae. Nilimweleza hayo yote nikiwa nimekaa juu ya gunia lake. Akasema atamwambia dada yake, na kwa namna alivyokuwa akifunga mdomo wa gunia lingine niliona kwamba hatamwambia.

Basi nikaweka tumaini langu kwenye kipindi. Nilikirekodi kwa uangalifu kuliko vyote, na jioni ya kukirusha nikaenda kukisikiliza kwa mama yangu, hapo hapo Lumumba, kwenye butiki yake ya vitenge na sabuni.

Mama hakuwahi kuikubali kazi yangu. Kwake, msichana wa Butembo hukaa nyuma ya kaunta, hauzi maneno. Ila matangazo ya vifo hakukosa hata siku moja, kwa sababu ndugu zake wametapakaa barabara yote hadi kwetu Butembo. Jioni ile tulikaa wawili, redio ndogo katikati juu ya kiti, tukasikiliza majina, koo, mitaa, na yeye akitikisa kichwa hata kwa watu asiowajua. Jina la mwisho likasomwa. Kikaanza kile kimuziki cha kufungua kipindi changu, gitaa nililolichagua mwenyewe. Mama akanyoosha mkono akazima redio.

Nikamwangalia. Akaniangalia.

“Mawe inaisha, mwanangu,” akasema, akaigonga redio mgongoni pale zinapokaa betri. “Nikiimaliza leo, kesho nitasikia wafu na nini? Weye utanieleza mwenyewe.”

Nilivaa kandambili zangu nikatoka nje, na nilipofika barabarani nikaelewa jambo ambalo mkurugenzi alilijua siku ile aliponipa zawadi yake. Mtaa mzima ulikuwa kimya. Dakika chache nyuma kila uwanja ulikuwa unasema majina yale yale, na sasa hakuna redio hata moja iliyokuwa inazungumza. Mji ulikuwa unabana mawe yake kwa ajili ya wafu wa kesho. Nilikuwa ninazungumzia upungufu wa nishati kwa watu ambao, kwa sababu ya upungufu wa nishati, hawawezi kunisikia. Ningeweza kucheka, lakini nilikaa kwenye kizingiti cha kanisa nikalia.

Mkurugenzi naye hakuwa kipofu. Hakuna msikilizaji aliyekuwa akipiga simu, na palikuwa na mhubiri aliyekuwa anaitaka robo saa ile. Aliniambia nijiandae: kama hakuna anayenisikiliza hadi mvua ziishe, nitarudi kuandika habari za mikutano kama wengine. Nikamwomba aniweke kabla ya matangazo ya vifo. Akasema hakuna kitu kinachosomwa kabla ya wafu, na kwa hilo hatukubishana, maana hata mimi ningeona aibu.

Hapo ndipo nilipopata wazo, nikaliona la akili sana. Mwenzetu aliyekuwa akisoma vifo alikuwa amechoka na ile kazi. Watu walimkwepa njiani. Nikaomba nisome mimi. Nilifikiri kwamba wakishazoea sauti yangu kwenye majina ya wapendwa wao, wataona haya kunizima nikiendelea. Mkurugenzi akakubali haraka mno.

Nilisoma vizuri, sina haja ya kujificha. Nilijifunza matamshi ya koo zote, nilisoma polepole, nilinyamaza baada ya kila jina. Na mji ukanijua. Ila haukunijua kama mwandishi wa nishati. Nilipompigia mtu simu kumwomba mahojiano kuhusu bei ya petroli, nilisikia pumzi yake ikikatika, kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, ni nani wao. Kwenye maegesho ya malori madereva waliacha kunidhania mtu wa kodi, wakaanza kunidhania mkosi. Mama mmoja sokoni alinirudishia salamu huku akimvuta mtoto wake nyuma ya sketi. Mama yangu peke yake ndiye aliyefurahi. Aliniambia kwamba nasoma wafu muzuri kabisa, kwamba wanawake wa kanisani wamemsifia, halafu akaniambia kwamba jina la mwisho likishapita yeye huzima kama kawaida.

Mvua ziliendelea. Asubuhi moja nilimkuta rafiki yangu wa depo amesimama kwenye mapokezi ya redio na karatasi mkononi. Mikono yake ilikuwa safi. Sikuwahi kuiona hivyo hata Jumapili, na kabla hajasema neno nilijua.

Dada yake alikuwa amefariki. Usiku ule yeye alilala kwa jamaa mgonjwa, dada akabaki peke yake chumbani. Asubuhi alikuta mlango umefungwa kwa ndani, wakauvunja, wakamkuta amelala vizuri tu, shuka hadi shingoni, na mbabula kando ya kitanda imejaa majivu. Hakukuwa na moshi, akaniambia, akarudia mara kadhaa kwamba hakukuwa na moshi.

Kwenye karatasi waliandika: baada ya ugonjwa mfupi. Ndivyo tunavyoandika sote. Katika matangazo yetu hakuna mtu anayekufa kwa jambo lenye jina. Miaka ile sababu ilikuwa kitu cha hatari, kwa kuwa sababu ina mwenyewe, na mwenyewe ana kabila na nyumba inayojulikana. Lakini na ukimya nao ulikuwa umeanza kazi yake. Aliniambia kwamba uwanjani kwao wameshaanza kunong'ona kwamba mwenye nyumba, ambaye si wa upande wao, aliwapelekea chakula siku iliyotangulia. Vijana fulani walikuwa wamekuja kusimama kwenye mlango wake tangu asubuhi, hawasemi kitu, wamesimama tu.

Nikamwambia hebu tuandike ukweli. Akaniomba hapana. Hakulia, aliniomba tu, akitazama sakafu.

“Ile makala ni ya gunia yangu,” akasema. “Ni miye nilimupa.”

Nikaipokea karatasi.

Sikumwomba ruhusa mara ya pili. Mkiniuliza leo kama ningefanya tena, ningefanya. Jioni ile ilikuwa ya kipindi changu; niliketi mbele ya mikro, nikasoma wafu wote kwa mpangilio wao, nikaliacha jina la yule dada liwe la mwisho. Nilipofika kwenye ugonjwa mfupi sikuusoma. Nilisema kwamba amekufa kwa hewa ya makaa, usingizini, katika chumba kilichofungwa, mbabula ikiwa ndani. Kwamba hakuna mtu aliyempa kitu cha kumdhuru. Kwamba hewa hiyo haina moshi wala harufu. Fundi wa sauti, nyuma ya kioo, aliweka kidole chake juu ya kitufe cha kile kimuziki. Nikamfanyia ishara ya mkono kwamba hapana. Kimuziki kile ndicho kilichokuwa kinawaambia watu wazime, na mimi sikutaka wapate nafasi. Nikaendelea kwa sauti ile ile ya kusoma wafu, bila kubadili mwendo, nikitaja mitaa mmoja mmoja: ninyi wa Lumumba ambao madirisha yenu yana mbao, ninyi mliotoka kwenye nyumba za nyasi, ninyi wenye watoto wachanga, toeni mbabula nje kabla hamjalala, hata ikiwa nyekundu, hata ikiwa majivu. Nilisema hivyo robo saa nzima. Jasho lilikuwa linanitoka mgongoni kama niliyebeba gunia.

Asubuhi mkurugenzi aliniita. Hakugomba. Angegomba ningepona.

“Hapa tunasoma wafu,” akasema. “Hatuwafanyii reportage.”

Aliogopa, na sikumlaumu kwa woga wake, kwa sababu redio inaweza kufungwa kwa neno dogo kuliko lile. Usomaji ulirudi kwa mwenzetu aliyechoka, robo saa ikaenda kwa mhubiri, na mimi nikaombwa nipumzike nyumbani mpaka nitakapoitwa. Nilijua sitaitwa. Nilichukua kikombe changu dirishani, nikatoka.

Nilipitia kwa mama. Nilitaka kumweleza, nikashindwa kuanza. Nilikuta mbabula yake imekaa barazani, imelowa mvua. Mama alikuwa anakunja vitenge, hakugeuka.

“Umenimalizia mawe,” akasema.

Alikuwa ameacha redio iseme hadi mwisho. Moyo uliniruka kwa furaha, kweli, furaha ya kitoto, na papo hapo nikaumia kwa sababu alinisikia siku ambayo kazi yangu ilikuwa imekwisha. Kisha akasema kwamba sasa, kama redio hawanitaki, kaunta ipo, na kuna vitenge vipya vinashuka kesho. Nikamwambia nitafikiri. Akasema kufikiri hakuuzi sabuni.

Nikaenda matangani. Nilijua wanaweza kunifukuza, lakini kukaa mbali kungekuwa kujificha, na mimi kujificha siwezi. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai. Niliposalimu, wachache waliitikia. Nilipokaa, waliokuwa karibu yangu walihamia mkeka mwingine taratibu, mmoja mmoja, bila kelele, mpaka nikabaki peke yangu kwenye mkeka mpana. Nilitazama miguu yangu. Kwenye mlango wa mwenye nyumba hapakuwa na vijana tena. Mwenye nyumba mwenyewe alikuwa amekaa pembeni na sufuria ya maharage aliyoileta, na watu walikuwa wanakula.

Rafiki yangu aliniona kutoka upande wa pili. Halafu akanyanyuka, akavuka uwanja, akakaa kwenye mkeka wangu. Mikono yake ilikuwa imeanza kuwa na weusi tena kwenye kucha. Nikamwambia pole. Nikamwambia nimesema kitu alichoniomba nisiseme. Aliniambia kwamba tangu asubuhi watu wamekuja kumuuliza kama ni kweli, wengine kwa ubaya, wakimwita muuaji, na wengine kwa hofu, kwa sababu nao walilala nayo. Mwanamke mmoja wa ng'ambo ya barabara aliamka na kichwa kinamgonga na mtoto anatapika, akakimbilia nje. Wako hai.

Akaichukua kanga iliyokuwa mabegani mwake, akaifunga vizuri.

“Leo jioni utasoma tena?” akauliza.

Matangazo ya marehemu husomwa kila jioni hadi matanga yaishe. Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilifungua mdomo nimwambie.

“Usome vile vile,” akasema. “Usitie ugonjwa mufupi. Sema ni makala. Sema hata ni ya gunia yangu.”

Miezi yote ile nilikuwa nimemtafuta mtu mmoja wa kuniambia niseme tena. Nilimwitikia kwa kichwa. Sikuweza kumwambia kwamba sina mikro, si kwake, si pale. Nilikaa naye mpaka alipoitwa na wazee wa ukoo, nikanyanyuka.

Sikwenda redio, wala sikwenda butiki. Nyumba iliyofuata baada ya uwanja ule ilikuwa ya matofali, na dirisha lake lilikuwa limepigiwa mbao, misumari imeshika kutu. Nikapiga hodi. Mwanamke akauliza kutoka ndani ni nani, nikajibu kwamba ni miye, na kwa maneno hayo mawili tu aliijua sauti. Alifungua mlango nusu, akiushika kwa mikono miwili.

“Ni nani wetu?” akauliza.

“Bado hakuna mutu, mama,” nikamwambia. “Mbabula yenu inalala wapi?”